Posta au kampuni binafsi? Mimi na wifi yangu hatuelewani

SWALI

Shikamoo mshauri,

Mimi na wifi yangu tunauza vitu vya mikono mtandaoni. Yeye hutengeneza hereni na mikufu ya shaba, na mara mojamoja ya fedha. Mimi hushona vifuniko vya taa vya kitambaa. Wateja wetu wengi wako nje ya nchi, na wengine hupita kwenye soko kubwa la mtandaoni, wengine hununua moja kwa moja kwenye ukurasa wetu.

Mwanzoni tulituma kila kitu kwa posta, kwa sababu ndiyo nauli tuliyoimudu. Mambo yakaenda vizuri mpaka mteja mmoja wa Ujerumani aliponunua jozi mbili za hereni kupitia lile soko. Nilizipeleka mwenyewe, nikapewa risiti yenye namba inayoanza na UM, nikampa mteja namba hiyo na kumwambia afuatilie mzigo wake. Ikaonyesha umepokelewa, kisha kimya. Akauliza, nikamwomba avumilie. Akauliza tena. Mwisho akafungua madai, na soko likamrudishia fedha zote kutoka kwenye mapato yetu. Baadaye hereni zikamfikia. Yeye mwenyewe alituandikia kwamba zimefika na ni nzuri, ila kuhusu fedha hakugusia.

Wifi akasema posta basi. Oda iliyofuata ilikuwa kifuniko cha taa, mteja wa Uingereza, amenunua kwenye ukurasa wetu. Tukaenda kwa kampuni binafsi. Mimi nilipima nyumbani, uzito kilo 1.4, nikakisia nauli. Ankara ilipokuja nilidhani wamechanganya na mzigo wa mtu mwingine, maana tulitozwa kama tumetuma kitu cha zaidi ya kilo kumi. Mzigo ulifika Uingereza haraka sana, hilo siwezi kukana. Lakini mteja akadaiwa kodi na ada ya huduma kabla ya kukabidhiwa, akakasirika, akaukataa. Kampuni ikatuandikia tuchague: urudishwe kwa gharama yetu au uteketezwe. Tukakubali uteketezwe. Kilikuwa kifuniko nilichokishona kwa siku nyingi.

Sasa wifi anasema tubaki na kampuni binafsi tu na tupandishe bei, asiyeweza kulipa si mteja wetu. Mimi nasema tukifanya hivyo tutafunga duka, turudi posta na tuwe na subira. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, amekataa katakata kuingia katikati. Tumekubaliana kukuandikia wewe, na utakalosema ndilo tutakalofuata.

Kuna mengine mawili. Mteja wa Marekani ameagiza mkufu wa fedha, anataka tuandike kwamba ni zawadi ili asisumbuliwe na forodha. Tuandike? Na pia nafikiria kuweka taa ndogo ya kuchaji ndani ya kila kifuniko, iende pamoja na betri ya akiba. Itatuletea shida?

Mshona vifuniko

JIBU

Marahaba mwanangu, na wifi yako pia msalimie, maana ninayoandika hapa ni yenu wote wawili.

Posta haikupoteza hereni, na ile kampuni haikupoteza kifuniko. Mizigo yote miwili ilifika kule ilikotumwa. Kilichowala fedha ni ahadi uliyompa mteja ambayo risiti yako haikuwa nayo, boksi lililojaa hewa, na kodi ambayo hakuna aliyejua ni ya nani kulipa. Hayo huamuliwa mezani kwenu kabla mzigo haujatoka, na msafirishaji yeyote mtakayemchagua atayakuta kama mlivyoyaacha. Kwa hiyo sitampa ushindi yeyote kati yenu.

Nianze na ile UM, kwa sababu watu wa kaunta mara nyingi hawaielezi mpaka waulizwe. Namba za posta za kimataifa zina umbo moja dunia nzima: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka mzigo. Herufi ya kwanza ndiyo inayosema umelipia huduma gani. R ni rejista, yaani mzigo unaosajiliwa na kufuatiliwa hadi unapokabidhiwa. C ni kifurushi. V ni mzigo wa bima. E ni EMS, ambayo watu wengi huidhani ni kampuni binafsi, kumbe ni huduma ya haraka ya posta zenyewe. Na U ni paketi ya kawaida isiyo na ahadi ya kufuatiliwa. Namba imebandikwa ili taarifa za forodha zitangulie kwa kompyuta, basi. Njiani inaweza kuskaniwa, inaweza isiskaniwe. Ulimwambia mteja afuatilie kitu ambacho posta haikuahidi kukifuatilia, na madai yalipofunguliwa hukuwa na alama hata moja ya kuonyesha kwamba mzigo umefika. Katika madai ya namna hiyo muuzaji asiye na skani ya makabidhiano hushindwa, hata akiwa msema kweli.

Hata ungelipia rejista, kimya cha njiani kingekuwepo, na ni vizuri mkijue ili kisiwatie hofu. Posta si kampuni moja. Ni posta za nchi 192 wanachama wa Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, na zinapokezana mizigo. Ya kwenu ikishaskani kwamba mfuko umetoka nchini, mfuko unakuwa mikononi mwa shirika la ndege, pengine unasubiri nafasi uwanjani, pengine unapitia nchi ya tatu. Hakuna karani wa posta anayeugusa mpaka ufunguliwe kule unakokwenda. Katikati hapo skrini haina la kusema. Mkiona hivyo, chukueni namba ileile muiweke kwenye tovuti ya posta ya nchi ya mteja, siyo ya kwenu. Mara nyingi ile ndiyo huonyesha kwamba mzigo umefika, au uko forodhani, au mteja ameachiwa karatasi mlangoni akaipuuza.

Na mwambieni mteja mapema, siku ileile mnayotuma. Kitu kama hiki kinatosha: "Mzigo wako umetoka leo kwa rejista. Ukishatoka nchini kwetu unaweza kukaa muda bila taarifa mpya, hiyo ni kawaida. Ukiingia nchini kwako, fuatilia kwa namba hii kwenye tovuti ya posta yenu. Ukipita tarehe niliyokuandikia hapa chini, niambie mimi kwanza, nitafungua ulizo." Kisha tarehe hiyo iwe ya mbali, siyo ile mnayoiombea. Mteja aliyeambiwa wiki sita akapata kwa tatu hufurahi. Aliyeambiwa wiki mbili akapata kwa tatu hufungua madai. Ulizo lenyewe, yaani ombi la kutaka posta iutafute mzigo, posta hulipokea ndani ya miezi sita tangu kutuma, na fomu yake ni CN08. Kampuni binafsi huwa na muda mfupi zaidi. DHL Express, kwa mfano, hutaka madai yaandikwe ndani ya siku 30 tangu ipokee mzigo, kwa hiyo ile subira yako ya posta usiihamishie huko.

Yule wa Ujerumani mwandikie kwa upole, umtumie njia ya kulipa, umwambie unashukuru kwamba zimemfikia na kwamba malipo yake yalirudishwa kwake. Watu wengi hulipa wakiombwa vizuri. Asipolipa, acha. Usimtishe, kwa kuwa maoni mabaya atakayoandika yatawagharimu zaidi ya jozi mbili za hereni.

Sasa boksi. Hujaniandikia vipimo vyake, lakini kifuniko cha taa cha kawaida kikifungwa kizima hutaka boksi la kama sentimita 40 kwa 40 kwa 35, basi tutumie hilo. Kampuni za usafirishaji wa haraka hazitozi uzito wa mizani peke yake. Hupima urefu, upana na kina kwa sentimita, huzidisha, halafu hugawa kwa 5000. Jibu ndilo uzito wa ujazo, na wanachukua ule ulio mkubwa kati yake na wa mizani. Arobaini mara arobaini mara thelathini na tano ni 56,000. Gawa kwa 5000 unapata kilo 11.2, na mara nyingi huipandisha hadi nusu kilo inayofuata, yaani 11.5. Hawakuchanganya mzigo wako na wa mtu. Ulilipia hewa iliyo ndani ya kifuniko, kwa sababu ndani ya ndege hewa hiyo ilichukua nafasi ya mzigo mwingine.

Posta nayo ina mipaka yake. Paketi ndogo, ile ya bei nafuu inayoweza kwenda kwa rejista, haizidi kilo 2, na ukijumlisha urefu, upana na kina chake haipaswi kupita sentimita 90, huku upande mrefu kuliko wote usizidi 60. Boksi lako lina jumla ya 115. Kwa kilo 1.4 lingepita kwa uzito likakataliwa kwa ukubwa, na ungelazimika kulipia kifurushi, ambacho nauli yake ni nyingine kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kugombana kuhusu msafirishaji, kaa na fundi wako wa waya. Kifuniko kinaweza kuwa pete mbili na vijiti vitatu vinavyochomekwa, na kitambaa kilichoshonwa kama foronya ya kuvalishwa juu. Kila kitu kinalala. Pete za sentimita 36 zinaingia kwenye boksi la 38 kwa 38 kwa 6. Hesabu upya: 8,664 gawa kwa 5000 ni kilo 1.73, ambayo kampuni binafsi itaitoza kama 2 badala ya 11.5. Posta nako, jumla ya pande ni 82, uzito chini ya 2, inaingia kwenye paketi ndogo ya rejista. Njia zote mbili zimefunguka kwa kubadilisha umbo la bidhaa. Najua mteja atalazimika kuunganisha mwenyewe. Weka karatasi ya picha, na uandike kwenye ukurasa wa mauzo kwamba kinafika kikiwa kimekunjwa, ili asije akadhani kimevunjika.

Na ankara ya kampuni binafsi isomeni mstari kwa mstari. Juu ya nauli huwa kuna nyongeza ya mafuta, ambayo hupanda na kushuka, nyongeza ya maeneo ya mbali kama mteja anaishi nje ya miji mikubwa, na ada ya kurekebisha anwani iliyokosewa. Kampuni hizo pia kwa kawaida haziwezi kukabidhi kwenye sanduku la posta, na zinataka namba ya simu ya mpokeaji. Ombeni nauli kwa vipimo kamili na anwani kamili. Kukisia kwa mizani ya jikoni ndiko kulikokutia kwenye mshangao.

Tuje kwenye kodi, ambako ndiko kifuniko chako kilikofia.

Mzigo ukivuka mpaka kuna mtu atalipa kodi, ama wewe, ama mnunuzi, ama soko la mtandaoni. Msafirishaji haliondoi deni hilo. Anabadilisha tu namna linavyodaiwa. Posta hukabidhi mzigo kwa forodha ya kule, kodi ikikadiriwa posta ya kule humwandikia mpokeaji akalipe pamoja na ada ndogo ya kushughulikia. Kampuni binafsi ina mawakala wake wa forodha, hulipa kodi kwa niaba ya mpokeaji ili mzigo usilale, halafu humdai yeye kodi hiyo na ada juu yake. Ndiyo maana mizigo yao hutoka haraka, na ndiyo maana mteja asiyeonywa hujiona ameibiwa. Akikataa, masharti uliyosaini wakati wa kutuma yanasema deni linarudi kwako: nauli ya kurudisha, ada za kuhifadhi, na wakati mwingine kodi yenyewe.

Uingereza, tangu 1 Januari 2021, kwa mzigo wa bidhaa zisizozidi pauni 135 VAT inatakiwa ikusanywe wakati wa mauzo, siyo mpakani. Ukiuza kupitia soko la mtandaoni, soko ndilo linalokusanya. Ukimuuzia mteja moja kwa moja, jukumu ni lako na unatakiwa uwe umesajiliwa. Yule mteja alinunua kwenye ukurasa wenu, hapakuwa na aliyekusanya chochote, basi deni likamkuta mlangoni. Angenunua kifuniko hichohicho kwenye soko, huenda angekuwa nacho sebuleni kwake sasa.

Umoja wa Ulaya nao, tangu 1 Julai 2021, ulifuta msamaha wa mizigo ya chini ya euro 22, kwa hiyo hata hereni za bei ndogo zinalipiwa VAT. Kuna utaratibu unaoitwa IOSS kwa mizigo isiyozidi euro 150: kodi inalipwa wakati wa kununua, na mpakani mzigo unapita. Masoko makubwa hukusanya yenyewe. Lakini angalia hapa, maana wauzaji wengi huteleza: namba ya IOSS ya soko lazima iingizwe kwenye taarifa za kielektroniki unazompa msafirishaji, awe posta au kampuni. Ukiiandika kwa kalamu juu ya boksi tu, kompyuta ya forodha haiioni, na mteja hutozwa mara ya pili. Mulizeni karani wa kaunta anaiingiza wapi. Kama hajui, tumeni kupitia mfumo wa mtandaoni wa posta yenu, kama upo, ambako mnajaza wenyewe.

Ushauri wangu kwa sasa: oda za Uingereza na Ulaya zielekezeni kwenye soko, hata kama linakata kamisheni. Kujisajili wenyewe kunawezekana, ila kwa IOSS muuzaji aliye nje ya Umoja kwa kawaida anahitaji wakala aliye ndani, na kwa duka la ukubwa wenu sioni faida yake bado. Ukurasa wenu ubakie kwa nchi nyingine, ukiwa na sentensi moja isiyofichwa karibu na kitufe cha kulipa: kodi na ada za forodha za nchi yako ni juu yako. Mkitaka kuzilipa ninyi, kampuni binafsi zinayo huduma ya kutoza kodi kwenye akaunti ya mtumaji, na hapo ndipo naona wifi ana hoja. Kwa oda kubwa, mteja anayelipa mara moja na kupokea mlangoni bila kudaiwa anarudi kununua tena.

Fidia nitaigusa kwa sababu wifi anaamini kampuni binafsi ikipoteza italipa. Italipa, lakini kiasi gani? Katika masharti yao mtakuta Mkataba wa Montreal wa 1999 kuhusu usafiri wa anga. Ukomo wake kwa mizigo, tangu 28 Desemba 2024, ni SDR 26 kwa kilo, na SDR ni fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Bahasha ya hereni yenye gramu 90 kwa hesabu hiyo ni SDR 2 na kitu. Kampuni nyingine huongeza kidogo juu yake, lakini msibweteke. Kama kitu kina thamani, nunueni bima kwa thamani yake na muihifadhi risiti ya mauzo.

Mkufu wa fedha ndio hasa wa namna hiyo. Kanuni za posta za kimataifa hazitaki dhahabu, fedha wala vito viwekwe kwenye barua au paketi isiyo na bima. Baadhi ya nchi huruhusu kwa rejista. Kampuni binafsi nazo zina orodha zao za vito wanavyokataa au wanavyowekea kikomo cha thamani. Ulizeni kabla ya kupokea oda, siyo baada. Hereni za shaba hazina tatizo hilo.

Na zawadi? Hapana. Mtu amelipa, si zawadi, na jina lililo kwenye fomu ni lako, siyo lake. Forodha wakigundua, na risiti ya mauzo iko mtandaoni wazi, mzigo unaweza kushikiliwa. Ukipotea, fidia itafuata thamani uliyotangaza. Tena kwa Marekani ule msamaha wa ushuru kwa mizigo ya hadi dola 800 ulisitishwa kwa nchi zote tangu 29 Agosti 2025. Posta za nchi nyingi zilisimamisha kwa muda kupokea mizigo ya bidhaa kwenda huko wakati utaratibu mpya wa kukusanya ushuru ukipangwa. Kwa hiyo kwa Marekani, kila oda, ulizeni kaunta wiki hiyohiyo: mnapokea, na ushuru unalipwa na nani? Jibu la mwezi uliopita msilitegemee. Mkufu huu binafsi ningeupeleka kwa kampuni, kwa bima, ushuru ukiwa umekubaliwa na mteja kwa maandishi kabla hajalipa.

Kwenye fomu andikeni kitu kinachoeleweka. Siyo "mapambo" wala "vitu vya mikono", bali "hereni za shaba, jozi 2, zimetengenezwa" na jina la nchi. Wekeni na namba ya bidhaa ya forodha yenye tarakimu sita. Mapambo ya madini ya kawaida yako chini ya 7117, ya fedha halisi chini ya 7113, na vifuniko vya taa hukaa katika 9405. Mzigo wa posta wenye thamani isiyozidi SDR 300 hutumia fomu fupi ya CN22, zaidi ya hapo ni CN23. Kwenye fomu ya kifurushi kuna sehemu ya kuchagua kitakachofanyika kisipopokelewa: kirudi au kiachwe. Wengi huiruka. Ijazeni kwa kufikiri, kwani kurudishiwa kitu cha bei ndogo kwa nauli kubwa ni hasara ya pili.

Mgawanyo wenyewe mimi ningeufanya hivi. Hereni za shaba, posta, rejista, siku zote, zile za U muachane nazo kabisa isipokuwa mnatuma kitu ambacho kikipotea mtatuma kingine bila kuumia. Kipimo si bei ya kuuzia bali gharama ya kutengeneza upya. Kama tofauti ya nauli kati ya njia mbili inazidi gharama ya kutengeneza jozi nyingine, kupoteza mara mojamoja ni nafuu kuliko kulipia haraka kila mara. Vifuniko vilivyokunjwa, mteja achague mwenyewe wakati wa kulipa: rejista kwa bei hii na muda huu, au kampuni kwa bei ile na muda ule. Mtashangaa wangapi wanaokubali kungoja. Oda ya vifuniko vitatu vinne kwa mara moja, ombeni nauli pande zote, kwa maana kadiri mzigo unavyokua pengo hupungua. Vitu vya fedha na oda za haraka, kampuni. Na kuna njia ya katikati, watoa huduma wanaokusanya mizigo ya wauzaji wengi, wakaisafirisha pamoja, kisha wakaikabidhi kwa posta ya nchi ya mteja. Nauli yake huwa nzuri, ila someni nani anawajibika baada ya makabidhiano hayo.

Kwa hiyo wifi abaki na akaunti ya kampuni binafsi, wewe ubaki na foleni ya posta. Kila mmoja aandike kwenye daftari moja nauli halisi, siku za kufika, na kilichodaiwa mlangoni kwa kila nchi. Mkibishana tena, bishaneni juu ya daftari hilo, na mwacheni kaka wa watu.

Ile taa ya kuchaji. Betri ya akiba sahau, kwa posta haiendi: betri za lithiamu zikiwa peke yake ni marufuku katika barua na vifurushi vya posta vya kimataifa, na benki za kuchajia simu zinahesabiwa hivyohivyo. Betri iliyofungwa ndani ya taa yenyewe hupokelewa na baadhi ya posta tu, kwa idadi na nguvu zilizowekewa kikomo, na nchi inakokwenda nayo iwe inaruhusu. Kampuni binafsi hupokea kwa masharti, pengine kwa mkataba maalumu na lebo zake. Kifuniko kisicho na taa ndani hakina maswali yote hayo. Uza kitambaa na waya wako, na uandike chini ya picha aina ya balbu na wati zinazofaa, mteja ataipata dukani kwao.